Neno Moja, Matamko Mawili

Leo nataka kuwaeleza habari ya kosa langu mwenyewe, na mambo niliyojifunza kwa sababu ya kosa hilo. Kosa lenyewe laweza kuonekana dogo, maana latoka katika herufi moja tu, nayo ni herufi t. Lakini herufi hiyo moja ilimwumiza mtoto, nami nikawa siku nyingi sina raha. Basi naandika ili walimu wenzangu wasijikwae penye jiwe lile lile, na wazazi wajue kwa nini mtoto mmoja husema neno la Kiingereza hivi, na mwingine akalisema vile, na wote wawili wakawa hawakukosa.

Mambo yalikuwa hivi. Katika shule yetu ni desturi, mwisho wa mwaka, kuwaita wazazi waje kuwasikia watoto wakisoma. Mtoto mmoja huchaguliwa kusoma Kiswahili, na mmoja kusoma Kiingereza. Mwaka ule kijana aliyewapita wenziwe wote kwa Kiingereza alikuwa mtoto wa mkulima, mpole, wa maneno machache, ambaye kila jioni alikaa na kitabu chake mpaka giza likamzuia. Nikamchagua yeye, wala hapakuwa na mtu wa kushindana naye. Siku mbili kabla ya mkutano baba yake akauza kuku wawili, akamnunulia shati jipya.

Asubuhi ya siku yenyewe, watu walipokuwa wakikusanyika, nikamwita asome mara ya mwisho mbele ya darasa, na baba yake alikuwa amesimama mlangoni. Akasoma vizuri sana, hata akafika kwenye neno "often", maana yake mara kwa mara. Akalitamka na t yake ndani, waziwazi, "of-ten". Mimi chuoni nilifundishwa kwamba t hiyo haisemwi, bali husemwa "ofen" tu. Nikamkatiza nikamwambia, "Ofen!" Akasoma tena, "of-ten". Mara ya tatu akasema vile vile, kwa kuwa ameingiwa na hofu, na ulimi wa mwenye hofu hurudi pale ulipozoea. Mimi nikadhani ni ukaidi. Nikamnyang'anya kitabu nikampa mwenzake, naye nikamwamuru asimame ukutani. Watoto wakacheka. Baba yake hakusema neno. Alimtazama mwanawe katika shati lile jipya, kisha akainamisha kichwa akatoka nje.

Tangu siku ile yule kijana akawa kama aliyefungwa kinywa. Nikimwita asome, husoma kwa sauti ya chini hata walio karibu naye hawamsikii. Nami, badala ya kujiuliza sababu, nilisema moyoni, "Amekasirika, atapoa."

Hata mwezi ukapita. Usiku mmoja nilikuwa nikitayarisha masomo karibu na taa, nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza kutafuta neno "offspring", maana yake watoto au uzao. Jicho langu likashuka kidogo likaliona neno "often". Na mbele yake yameandikwa matamko mawili, la kwanza lisilo na t, na la pili lenye t. Nikasoma tena na tena. Kulipokucha nikaenda kwa mwalimu mwenzangu nikaazima kamusi nyingine, nayo ikasema vile vile. Basi yule mtoto hakukosa. Aliyekosa ni mimi, tena nilikosa kwa sauti kubwa mbele ya watu.

Jumamosi nikaenda nyumbani kwao. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikapewa kiti chini ya mwembe. Baada ya kujuliana hali nikawaeleza yote bila kuficha, nikamwomba kijana radhi mbele ya wazazi wake. Baba yake akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi Kiingereza sikijui. Siku ile nilijua tu kwamba mwanangu amekutia aibu mbele ya wageni, nami nikamgombeza njia nzima mpaka nyumbani. Basi hata mimi nina deni kwake." Hapo nikaona ya kuwa adhabu yangu haikuishia ukutani; ilitembea na mtoto mpaka kwao, ikaingia naye ndani.

Alikuwapo bibi yake yule kijana, mama wa baba yake, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa huku kwetu zamani. Yeye akacheka akasema, "Mwalimu, mimi tangu kuzawa kwangu nasema mato, nanyi huku mwasema macho. Je, ni nani kati yetu asiyeona?" Sote tukacheka, na moyo wangu ukapata nafasi kidogo.

Lakini kijana hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwa nini yawe mawili? Kama wenye lugha wanajua kusema, mbona hawakuchagua moja?" Sikuwa na jawabu. Nikamwambia, "Ngoja nitafute." Nikaanza kusoma kila kitabu nilichoweza kukipata juu ya habari za Kiingereza, na haya ndiyo niliyoyaona.

Sababu ya kwanza ni kwamba sauti za lugha hutembea, lakini maandishi husimama. Kiingereza cha leo si Kiingereza cha zamani. Mshairi wao mkubwa Geoffrey Chaucer alikufa mwaka 1400. Katika siku zake Waingereza walizisoma irabu zao, yaani a, e, i, o, u, karibu kama sisi tusomavyo zetu. Neno "name", maana yake jina, ambalo leo husemwa "neim", wao walilitamka karibu na "naame". Neno "time", maana yake wakati, ambalo leo ni "taim", kwao lilikuwa karibu na "tiime". Na nyumba, ambayo leo huandikwa "house" na kusemwa "haus", kwao ilikuwa "huus". Kisha, tangu zamani zile mpaka karibu na mwaka 1700, irabu ndefu za Kiingereza zikahama polepole, kila moja ikaacha mahali pake. Wataalamu huliita jambo hilo badiliko kuu la irabu. Mtoto wetu wa darasa la kwanza akisoma "na-me" na "ti-me", sisi humcheka. Lakini kama Chaucer angaliingia darasani siku hiyo, angalimwelewa mtoto upesi kuliko mwalimu wake.

Sasa, sauti zilipokuwa zikihama, jambo jingine lilitukia. Mwaka 1476 William Caxton alianzisha kazi ya kupiga chapa huko Westminster, karibu na mji wa London. Vitabu vikaongezeka, na namna ya kuandika maneno ikaanza kushikwa na wapiga chapa, ikawa haibadiliki upesi tena. Ni kama mtu aliyepigwa picha ujanani. Yeye mwenyewe huzeeka, nywele zikawa nyeupe, lakini picha yake ukutani haizeeki. Ndiyo maana neno la Kiingereza huonekana na uso mmoja kitabuni, na kusikiwa na sauti nyingine kinywani.

Neno letu "often" ni mfano mzuri wa habari hii. Hapo kale t yake ilisemwa. Baadaye Waingereza wengi wakaiacha, kwa kuwa si rahisi kwa ulimi kutoka f kwenda t na kufika n kwa haraka. Wakaiacha vile vile katika "soften", maana yake lainisha, na "listen", sikiliza, na "castle", ngome. Lakini herufi yenyewe haikufutwa kitabuni. Ikakaa pale, kama jembe lililosahauliwa shambani, mpaka atakapopita mtu wa kuliokota.

Nao waokotaji wakaja. Katika mwaka 1870 ilitolewa sheria kule Uingereza na Wales ya kuweka shule za watoto wadogo mahali pote palipokuwa na upungufu. Baada ya hapo watoto wengi sana, ambao wazee wao hawakujua kusoma, wakaanza kukutana na maneno mengi kwa macho kabla ya kuyasikia kwa masikio. Mtu wa namna hiyo akiona t, huitamka, maana hakuna aliyemwambia kwamba imelala. Hivyo t ya "often" ikaamka tena katika vinywa vya wengi. Mambo kama hayo yalilipata neno "forehead", maana yake paji la uso. Zamani walisema "forid", lakini leo wengi, wakifuata herufi, husema "fohed". Wenye elimu hawakupendezwa na jambo hili. Mwaka 1926 H. W. Fowler alichapisha kitabu chake mashuhuri juu ya matumizi ya Kiingereza, akawacheka watu watamkao t ya "often", akawaona kama wanaojionyesha kwamba wanajua tahajia. Lakini watu waliendelea kuisema, na kamusi za baada yake zikaikubali.

Niliposoma hayo, ndugu zangu, niliona haya. Maana kijana wangu alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo. Nyumbani kwao hakuna asemaye Kiingereza. Yeye amekipata kutoka kitabuni, usiku, peke yake. Na ni sisi walimu tuliomfundisha katika Kiswahili kwamba kila herufi iandikwayo husomwa. Alitii mafundisho yetu, nami nikamwadhibu kwa utii wake.

Sababu ya pili ni kuenea na kutengana. Watu wa lugha moja wakitawanyika, kila tawi huendelea kwa njia yake, wala hakuna tawi liwezalo kusema, "Mimi peke yangu ni mti." Waingereza walianza kukaa Virginia, katika nchi ambayo leo ni Marekani, mwaka 1607. Walichukua matamko ya kwao ya siku zile. Baadaye kwao kukabadilika mambo mengine, na kule Marekani mengine, na bahari ilikuwa katikati.

Tazama neno "either", maana yake mojawapo kati ya mawili. Waingereza wengi leo hulisema karibu sana na neno letu "aidha", ingawa maneno hayo si ndugu, kwa kuwa letu limetoka katika Kiarabu. Wamarekani wengi husema "idha". Mtu aweza kudhani Wamarekani ndio walioliharibu. Sivyo. Matamko yote mawili yalisikiwa London yenyewe zamani. Mwaka 1791 John Walker, aliyekuwa kwanza mwigizaji wa michezo na baadaye mwalimu wa kusema vizuri, alitoa kamusi ya matamko iliyoheshimiwa sana. Alikiri kwamba wengi husema "aidha", hata ni vigumu kukata shauri. Lakini yeye, akifuata mfano wa maneno mengine, alipendelea "idha". Na matokeo yalikuwaje? Waingereza walio wengi wakaenda na lile ambalo Walker hakulipendelea, na Wamarekani walio wengi wakakaa na lile alilolipendelea. Mwamuzi alitoa hukumu, nao watu wa mji wake wakapita njia nyingine.

Neno "schedule", maana yake orodha au utaratibu wa saa na kazi, nalo lina safari ya ajabu. Lilitoka Ufaransa, na Waingereza walipolipokea walilisema kwa s tu, karibu na "sedyul", na kuliandika hivyo. Kisha wenye elimu wakakumbuka kwamba asili yake ni Kilatini, wakairudisha tahajia ya Kilatini, wakaandika s na c na h pamoja. Basi herufi hizo zilipoingia, watu wakaanza kuzisoma. Waingereza wakasema "shedyul". Kule Marekani, Noah Webster, aliyekuwa mwalimu wa shule kama sisi, akatoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, akafundisha kwamba sauti yake ni ya sk, na Wamarekani wakamfuata, wakasema "skejul". Tena katika siku zetu vijana wengi wa Uingereza nao wanasema "skejul". Na lile la kwanza kabisa, lenye s peke yake, limekufa. Kama umri ndio ungalikuwa haki, basi Mwingereza na Mmarekani wote wawili wangalikuwa na makosa!

Sababu ya tatu ndiyo hasa jawabu la swali la kijana wangu, aliyeuliza mbona wenye lugha hawakuchagua moja. Jawabu ni kwamba hawakumpa mtu yeyote kazi ya kuchagua. Wafaransa wanalo baraza la lugha, Académie française, lililoanzishwa mwaka 1635. Sisi wa Kiswahili tulipata kamati ya lugha mwaka 1930, nayo ikafanya kazi yake kwa kufuata Kiunguja kama msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Waingereza hawana baraza la namna hiyo. Mwaka 1712 Jonathan Swift aliandika akiomba liwekwe, lakini mwaka 1714 Malkia Anne akafa, na shauri lile likafa pia.

Hata watu wakubwa wa nchi walipoulizwa, hawakupatana. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri mwaka 1755, alimsimulia rafiki yake Boswell habari hii. Alipokuwa akijitayarisha kwa kazi ile, Lord Chesterfield alimwambia kwamba neno "great", maana yake kubwa, litamkwe "greit". Lakini Sir William Yonge akampelekea habari kwamba litamkwe "grit", na kwamba hakuna asemaye "greit" ila mtu wa Ireland. Mmoja alikuwa msemaji bora katika baraza la mabwana wakubwa, na wa pili msemaji bora katika baraza la wajumbe wa watu. Nao wakapingana kabisa. Leo Waingereza wote husema "greit", na lile la Sir William, lililojiona kuwa la waungwana, halisikiwi tena.

Jambo kama hilo likatukia tena wakati wa redio. Mwaka 1926 shirika la utangazaji la BBC liliweka kamati ya kushauri matamko ya watangazaji. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mshairi Robert Bridges, na baada yake Bernard Shaw, mwandishi wa michezo, ambaye mwenyewe alizaliwa Ireland. Wakakaa na kubishana juu ya neno moja moja. Shabaha yao ilikuwa kuwapa watangazaji tamko moja la kushika, wala hawakudai kwamba mengine yote ni makosa. Vita ilipoanza mwaka 1939 kazi ya kamati ile ikakoma.

Lakini mtu aliyenifundisha zaidi ya wote ni Daniel Jones, mtaalamu wa sauti za lugha wa London, aliyetoa kamusi yake ya matamko mwaka 1917. Yeye alisema wazi kwamba kazi yake si kuwaamuru watu namna ya kusema, ila ni kuandika namna alivyosikia wakisema. Nilipolisoma neno hilo nikakiweka kitabu chini. Maisha yangu yote nilidhani kamusi ni hakimu, akaaye juu ya kiti na kuhukumu. Kumbe ni shahidi. Husimama akasema, "Nimewasikia watu wasemao vizuri wakisema hivi, na wengine, nao wasema vizuri, nimewasikia wakisema vile." Akiwasikia wengi wa namna mbili, kwa muda mrefu, huandika namna mbili. Hilo ndilo jawabu lote, kijana wangu. Neno lina matamko mawili kwa sababu lina watu wa namna mbili walioliishi, na hakuna aliye na haki ya kuwafuta nusu yao.

Sisi wenyewe tusione jambo hili kuwa geni. Mtu wa Mvita husema "ndoo" pale ambapo wa Unguja husema "njoo", naye hula "mtele" pale ambapo mwenzake hula "mchele". Vitabu vya shule vilichukua la Unguja, maana ilipasa kuchukua moja ili watoto wa mahali pengi wasome kitabu kimoja. Lakini kuchagua moja kwa ajili ya kitabu si kumwambia bibi wa Mombasa kwamba hajui lugha ya mama yake.

Najua baadhi ya walimu watasema, "Mwalimu huyu anataka kila mtoto aseme apendavyo." La, sivyo. Si kila kosa ni tamko la pili. Mtoto akichanganya r na l, akasema amekula "lice" badala ya "rice", mgeni atadhani amekula chawa, wala si wali. Kosa kama hilo lazima lisahihishwe, kwa upole, mpaka litoke. Tena darasa lahitaji tamko moja la kuanzia, ili wadogo wasichanganyikiwe. Nami bado nawafundisha wanafunzi wangu "ofen", kwa kuwa ndilo nililolizoea na ndilo litanguliwalo kuandikwa katika kamusi. Lakini mtoto akija na lile la pili, simkatizi. Namwambia, "Nalo ni sahihi, shika moja, na ujue lile jingine."

Basi nimejiwekea kanuni tatu, nami nawapa wenzangu wazipime. Kwanza, kabla ya kumwambia mtoto amekosa, nafungua kamusi, hata kama nina hakika; na hasa kama nina hakika, maana siku ile ya mkutano sikuwa na shaka hata kidogo. Pili, nauliza, "Je, maana imepotea?" Kama maana haikupotea, haraka ya nini? Tatu, nikimkosea mtoto mbele ya watu, namwomba radhi mbele ya watu wale wale. Kumwomba faragha ni kumlipa nusu ya deni.

Kanuni hiyo ya tatu niliitimiza. Mwisho wa mwaka uliofuata, wazazi walipokusanyika, nilisimama nikawaeleza kwa ufupi habari niliyowaeleza ninyi leo. Kisha nikampa kijana kitabu, somo lile lile la mwaka wa kwanza. Kabla ya kuanza aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, niseme lipi?" Nikamjibu, "Sema lako." Akasoma. Alipofika kwenye neno lile akalisema na t yake, waziwazi, wala hakuna aliyecheka. Baba yake alikuwa amekaa safu ya mbele. Shati lile lilikuwa limekwisha kuwa dogo, mikono yake haifiki viganjani, lakini ndilo alilolivaa.

Wasomaji, ningependa kumaliza kwa kusema kwamba mambo yote yalipona siku ile. Lakini nitasema kweli. Hata sasa, akisoma, anapolikaribia neno lile husita kidogo, kama mtu akumbukaye mahali alipoanguka. Kisha huendelea. Kila nisikiapo kusita kule, najua kwamba ni kazi ya mikono yangu, iliyofanyika kwa dakika moja, nami sijui itachukua miaka mingapi kuondoka.

Ninyi walimu, watazameni watoto mlio nao. Nanyi wazazi, mtoto wenu akirudi nyumbani amesemwa kwamba amekosa, msikilizeni kwanza kabla ya kumgombeza. Huenda ikawa aliyekosa ni mwalimu.

Kwaherini. Mimi ni ndugu yenu,
Mwalimu wa shule ya kijiji.